Kituo cha zimamoto si jengo

Ndugu msikilizaji, bweni likishika moto usiku huko Litembo, katika milima ya Umatengo wilayani Mbinga, nani atafika kwanza? Ni jirani mwenye ndoo. Nimepita njia hiyo: ni vilima na kona, na masika kuna utelezi. Gari litokalo mbali halitauwahi moto.

Tusidhani ni jambo dogo. Mwaka 1994 wasichana 40 waliteketea bwenini Shauritanga, Rombo. Mwaka 2009 wengine 12 walikufa Idodi, Iringa.

Basi wapo wasemao kila kijiji kichangishe fedha kijenge kituo cha zimamoto. Nami nauliza: fedha za nini hasa? Jengo hujengwa mara moja. Gari linataka mafuta, matairi na vipuri kila mwaka. Askari anataka mshahara kila mwezi. Mchango wa siku moja hauwezi kubeba gharama isiyokwisha. Matokeo yake tutafungua kituo kwa ngoma na vigelegele, kisha gari likae juu ya mawe.

Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa chini ya halmashauri. Sheria ya mwaka 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Kwa hiyo gari na mshahara ni deni la bajeti ya taifa, wala si la mkulima wa kahawa.

Lakini kijiji nacho kina fungu lake: tangi la maji karibu na shule, pampu ndogo, ndoo za mchanga, ngazi, kengele, na vijana waliofunzwa kuvitumia. Hayo hayahitaji mshahara. Mfano upo palepale Umatengo. Miaka ya mwanzo ya 2000, wanakijiji wa Kindimba, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na Wajapani, walijenga mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji ya mto. Walioweza kuyatumia maji kusaga mahindi watashindwaje kuyaweka tayari kwa ajili ya moto?

Wewe wa mjini unapiga 114 ukitumaini king'ora. Mama yako kijijini hana king'ora cha kutumaini. Ukiombwa mchango, toa. Lakini uliza kwanza: ni wa jengo, au ni wa maji?

Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.