Wasomi na Ndoo ya Maji

Tarehe 16 Machi, 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini. Siku ya pili yake shule zilifungwa, na tarehe 18 vikafungwa vyuo vikuu. Vijana wetu wa Ngaka, wa Mbinga mjini na wa pwani ya Ziwa Nyasa wakafungasha virago, wakabanana katika mabasi hadi Songea, kisha kilometa nyingine zipatazo 100 hadi Mbinga. Wengine wakateremka hadi Mbamba Bay. Ushauri wa kukaa mbalimbali waliuacha stendi.

Kwa safari ile hatuwalaumu, maana basi ni basi. Tunalotaka kulisema ni la baadaye. Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni, 2020. Katika chuo kimoja tulichokizuru, ndoo za maji zilipangwa langoni na kila aingiaye alinawa, kwa kuwa mlinzi alikuwa akimtazama. Huko ndani, bwenini na katika foleni ya chakula, mambo yalikuwa yale yale ya zamani. Tuliporudi baadaye ndoo zilikuwa zimekauka, wala hapakuwa na aliyeuliza.

Je, wasomi wale hawakujua? Walijua sana. Wangeweza kutueleza sisi jinsi vijidudu vya mafua vinavyosafiri katika matone ya mate. Lakini ushauri uliwafikia kama amri iliyobandikwa ukutani. Hawakuujadili, wala hawakuukubali kuwa wao.

Wazee wetu walifanya vingine mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2, wengi wao wakulima, walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu, wakabishana, halafu wakakata shauri wenyewe: choo kichimbwe wapi, nyasi zifyekwe lini. Hawakuwekewa mlinzi. Nasi tuliopitia chuoni kwa maalimu, ambako kutawadha kulitangulia kusoma, twajua kuwa mtoto hunawa hata asipotazamwa akishazoezwa pamoja na wenzake.

Haki nayo isemwe: kijana anayelala chumba kimoja na wenzake watano hawezi kukaa mbali nao, na bomba lisilotoa maji halinawishi mtu. Wakuu wa vyuo wanapaswa kulijibu hilo kabla ya kuchapa mabango mengine.

Mafua hayajaisha duniani, na likizo zinakuja kila mwaka. Kijana mwenye nguvu atakohoa siku tatu na kupona. Bibi yake anayempokea Ruanda au Liuli, akamkumbatia na kula naye sahani moja, huenda asipone. Kwa ajili ya bibi huyo twaziomba serikali za wanafunzi ziitishe vikao muhula huu, bweni kwa bweni, ziamue nani atajaza ndoo na nani atanunua sabuni.