Usiisahau orodha tupu

Kwenye Haskell, orodha ina sura mbili tu: ama ni tupu, [], ama ina kichwa na mkia, (x:xs). Basi ukitaka kujumlisha namba, unaandika mstari mmoja kwa kila sura:

jumla [] = 0
jumla (x:xs) = x + jumla xs

Ukiipa [4,7,2], inashika 4, inaendelea na [7,2], hivyo hivyo mpaka ikute [].

Sasa futa mstari wa kwanza. Kompaila itakubali tu, lakini programu itaanguka, hata kama orodha ina namba elfu, maana kila mkia huishia kwenye []. (Hilo kosa limeshanikesha.) Ukikompaili kwa GHC weka -Wall: itakuonya ni sura gani umeiacha, kabla hujaendesha chochote.