Maharage ndani ya kapu: kula vizuri kwa kuni chache

Siku chache baada ya mgao, mama mwenye watoto wanne anapima vikombe viwili vya maharage na kumkabidhi muuza kuni. Naye anapewa mzigo mmoja wa kuni. Kwa kuni hizo atapika maharage yaliyobaki. Wiki inayofuata anapima tena vikombe viwili. Kabla mgao mwingine haujafika, maharage yamekwisha, na watoto wanakula ugali kwa chumvi na maji ya mboga.

Mama huyu si mvivu wala si mfujaji. Maharage mabichi hayaliwi, na kuni haziokotwi mlangoni. Lakini tukihesabu vizuri, sehemu ya chakula cha watoto wake imegeuka moshi.

Katika makala hii tunaeleza namna ya kupunguza hasara hiyo kwa kitu kinachotengenezwa nyumbani kwa mikono, bila fundi na karibu bila fedha. Kitu hicho ni kapu la kupikia, yaani kapu linalohifadhi joto ili chakula kiendelee kuiva baada ya kuondolewa motoni. Si jambo la wakimbizi peke yao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akina mama wa Uingereza walipika hivyo ndani ya masanduku yaliyojazwa majani makavu, kwa sababu nao walipungukiwa na nishati ya kupikia.

Kuni ni suala la afya

Wengi wetu hapa tunafikiri kuni ni jambo la jikoni tu, na afya ni jambo la zahanati. Sivyo. Kuni zinagusa afya ya familia kwa njia tatu.

Kwanza, kuna moshi. Mtoto anayebebwa mgongoni wakati mama anapuliza moto anavuta moshi uleule. Moshi wa kila siku unaongeza hatari ya nimonia kwa watoto wadogo, na huumiza macho na mapafu ya watu wazima. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa ndani ya nyumba ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Isitoshe, moto unaowaka saa nyingi unampa mtoto anayetambaa nafasi nyingi za kuungua.

Pili, kuna njia ya kwenda porini. Katika kambi nyingi wanawake na wasichana wamepigwa na kubakwa walipokwenda kutafuta kuni. Kila safari inayopungua ni hatari iliyopungua. Likimpata mtu jambo hilo, si kosa lake. Afike kituo cha afya mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI na huduma nyingine. Hata kama muda huo umepita, aje. Atahudumiwa.

Tatu, kuna chakula chenyewe. Maharage ndiyo nyama ya familia nyingi za kambini. Yanajenga mwili wa mtoto na kuleta madini ya chuma yanayosaidia kuongeza damu. Tukiyauza tupate kuni, mwenye kupungukiwa ni mtoto anayekua na mama mwenye mimba.

Anza sokoni

Kapu peke yake halitoshi. Kazi ya kuokoa kuni inaanza pale unaponunua au kubadilishana chakula.

Maharage ya zamani yanachukua muda mrefu kuiva kuliko mapya. Yatazame kabla ya kulipa. Yale mapya yanang'aa na ngozi yake haijakunjamana. Yenye matundu yameliwa na wadudu. Usichanganye aina mbili katika sufuria moja, kwa kuwa moja itapondeka wakati nyingine bado ni ngumu, na utaongeza kuni kwa ajili ya zile chache. Linganisha bei kwa kipimo kimoja. Kopo lililobonyezwa chini au kujazwa hadi ukingo tu si sawa na kopo lenye kilele. Rahisi ghali, walisema wazee, na sokoni tunaliona hilo kila siku.

Dagaa nao wafikiriwe. Warundi na Wakongo wengi wanawaita ndagala, na ni samaki walewale wa ziwa Tanganyika. Kiganja kimoja cha dagaa ndani ya maharage kinaongeza nguvu ya chakula chote, na kwa kuwa dagaa wanaliwa pamoja na mifupa yao, vilevile vinampa mtoto madini ya kujenga mifupa na meno. Chagua waliokauka vizuri, wasio na ukungu wala harufu mbaya. Waoshe mchanga kabla ya kupika.

Kutengeneza kapu

Mahitaji ni haya:
- kapu kubwa, au boksi gumu, au kiroba kilichokunjwa mdomo, kiwe kipana kuliko sufuria yako kwa pande zote;
- blanketi kuukuu, kanga iliyochakaa au vipande vya nguo kutoka kwa fundi cherehani;
- kitu cha kujazia: nyasi kavu, majani makavu ya migomba, maganda ya mahindi au matambara;
- sindano na uzi.

Utaratibu wake ni huu:

1. Anika vitu vya kujazia juani siku mbili, mpaka vikauke kabisa. Kitu chenye unyevu kinapoteza joto na kuota ukungu.

2. Weka tabaka chini ya kapu, unene wake usipungue upana wa kiganja, yaani kama sentimita 10. Lishindilie kiasi, lakini lisiwe gumu kama tofali. Hewa iliyonaswa kati ya majani ndiyo inayozuia joto lisitoroke.

3. Simamisha sufuria katikati, kisha jaza pembeni kwa unene uleule mpaka usawa wa mfuniko.

4. Funika majani kwa kitambaa na kukishona kwenye ukingo wa kapu, ili majani yasiingie kwenye chakula. Ukitoa sufuria, libaki shimo lenye umbo lake. Sufuria ikikaa kwa kubana, joto halipati njia ya kutoka.

5. Shona mto wa duara, nao uwe mnene kama kiganja, wa kufunika juu. Watu wengi wanaufanya mwembamba. Hilo ni kosa, kwa sababu joto jingi linatokea juu.

Usitumie nailoni mahali panapogusana na sufuria. Itayeyuka.

Kina baba nao wana nafasi katika kazi hii. Miongoni mwetu wapo wanaume na wanawake wenye ufundi wa kusuka vikapu na mikeka walioutoa nyumbani Kivu na Burundi. Mwenye ufundi amfundishe asiyejua. Kijana mmoja akijifunza, bloku nzima itapata makapu.

Kabla ya kulipikia, lijaribu. Chemsha sufuria ya maji, iweke ndani, funika, usifungue kwa muda wa saa 3. Ukifungua, sufuria inatakiwa iwe bado ya moto kiasi kwamba huwezi kuishika kwa mkono mtupu. Ikiwa ni ya vuguvugu tu, ongeza unene wa majani na ujaribu tena.

Kupika maharage ya kapu

Kwa familia ya watu watano au sita, chukua vikombe 3 vya maharage.

Jioni, yachague na kuyaosha, kisha yaloweke kwa maji mengi usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo na utie maji mapya safi, yayafunike maharage na kuzidi kwa vidole viwili au vitatu. Sufuria isiwe na nafasi kubwa tupu. Iliyojaa theluthi mbili au zaidi inatunza joto vizuri kuliko iliyojaa robo.

Tuseme umewasha moto saa 2 asubuhi. Funika sufuria. Maji yakianza kuchemka kwa nguvu, hesabu dakika 30 bila kupunguza moto. Asiye na saa amwombe jirani mwenye simu, au apime kwa kipindi cha redio cha nusu saa. Kisha futa masizi ya chini haraka, hakikisha hakuna kaa la moto lililoganda, ingiza sufuria ndani ya kapu pamoja na mfuniko wake, na ukandamize mto juu. Saa 3 moto umekwisha zimwa. Unaweza kwenda kliniki, kufua au kulima bustani.

Saa 7 mchana, toa sufuria. Maharage mengi yatakuwa yamelainika. Yarudishe motoni pamoja na kitunguu, nyanya, dagaa na mafuta ya mgao. Yachemke robo saa, halafu tia chumvi mwishoni. Mara nyingi maharage ambayo hayakulowekwa yanakaa motoni saa 2 na nusu. Kwa njia hii yanakaa kama saa 1 na robo. Familia inayopika maharage mara 4 kwa wiki itawasha moto saa 5 badala ya saa 10. Hiyo ni nusu ya kuni za maharage. Haba na haba hujaza kibaba.

Baadhi yetu tunatia magadi ili maharage yaive upesi. Ni kweli yanaiva upesi, lakini magadi yanaharibu vitamini B1 iliyomo. Kuloweka kunafanya kazi hiyohiyo bila hasara hiyo.

Mambo ya hatari

Kapu ni zuri likitumiwa sawasawa. Likitumiwa vibaya linaumiza tumbo. Tunaomba sehemu hii isomwe kwa sauti kwa wale wasiojua kusoma.

Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha. Sumu hiyo inakufa kwa kuchemshwa kwa nguvu. Joto dogo haliiui. Kwa hiyo usiweke kamwe kwenye kapu maharage ambayo hayajachemka zile dakika 30. Hata yakionekana laini, yanaweza kudhuru.

Usilaze chakula ndani ya kapu usiku kucha. Chakula kikishapoa na kuwa vuguvugu, vijidudu vinaongezeka upesi. Kisizidi muda wa saa 4, na kichemke tena kabla ya kuliwa. Usifungue kapu kuchungulia. Ukifungua joto linatoka, na itabidi urudishe sufuria motoni ichemke upya.

Sombe, au kisamvu, isipikwe kwa kapu. Majani ya muhogo yatwangwe vizuri na kuchemshwa motoni kwa muda wa kutosha, ili sumu yake itoke. Uji wa mtoto mchanga nao upikwe motoni na kunywewa mara moja. Wali unafaa kwa kapu baada ya kuchemka dakika chache. Ugali haufai, kwa kuwa unahitaji kusongwa.

Weka kapu mbali na moto na mbali na watoto. Kitambaa kifuliwe kila kinapomwagikiwa na chakula.

Mboga na chai

Maharage yakiwa tayari, yasiende mezani peke yake. Lengalenga, matembele au majani ya maboga yanaweza kuoteshwa pembeni ya nyumba, hata ndani ya kiroba chenye udongo, na kumwagiliwa maji yaliyooshea vyombo ambayo hayana sabuni nyingi. Yapike kwa muda mfupi na mafuta kidogo. Nyanya au limau likiongezwa, mwili unapokea vizuri zaidi madini ya chuma yaliyo ndani ya maharage. Chai inafanya kinyume chake. Ni vizuri kusubiri kama saa nzima baada ya kula ndipo unywe chai, hasa kwa mama mjamzito na mtoto aliyepungukiwa na damu.

Mafuta ya mgao yameongezwa vitamini A. Yatunze kwenye chombo kilichofungwa, mbali na jua. Chumvi yenye madini joto nayo ifunikwe, isikae wazi karibu na moshi.

Ndugu wakazi, kapu haliongezi kipimo cha mgao. Hatuwezi kudanganyana. Mgao ukipunguzwa, mtoto analala na njaa hata kama nyumba ina makapu matatu. Lakini chakula kilichokwisha ingia nyumbani kisitoke tena kwenda kununua moto wa kukipikia. Vikombe viwili vya maharage vinavyobaki ndani ya nyumba ni mlo mmoja zaidi kwa watoto.

Anayetaka kuona kapu kwa macho amwombe mhamasishaji wa afya wa zoni yake. Akina mama watano wakikusanyika na matambara yao, makapu matano yanashonwa kwa siku moja. Na mwenye mtoto aliyekonda, anayevimba miguu au asiyetaka kula, asisubiri kapu wala mgao. Ampeleke kituo cha afya leo.