Fahamu: Kitanda cha mtoto ubavuni mwa kitanda cha mama

Dukani utaonyeshwa kwanza rangi na ulaini. Wewe bonyeza godoro. Likidumbukia chini ya kiganja, liache. Faida ya kitanda kidogo kinachofungwa ubavuni mwa kitanda cha mama ni kwamba mtoto yu karibu kwa kunyonya, lakini halali chini ya blanketi la mtu mzima. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2022, kinashauri alale chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi 6 ya mwanzo, chali, juu ya godoro gumu lililo bapa, bila mto. Mwinuko unaodhaniwa kumstarehesha ndio mtego: kidevu huangukia kifuani, hewa ikakosa njia. Mwaka huohuo Marekani ilipiga marufuku vitanda vya watoto wachanga vyenye mwinuko unaozidi digrii 10.

Wapo watakaosema bibi zetu walilala na watoto wao bila vifaa hivi. Kweli, ila godoro la leo la sponji, lenye mito na duveti, ni jambo jingine. Tena kitanda chenyewe si kinga kikifungwa ovyo. Kaza mikanda, kisha kivute kwa nguvu. Pengo likitokea, usilizibe kwa taulo, kaza upya. Mtoto akianza kujiinua kwa mikono na magoti, muda wa kitanda hicho umekwisha.