Kala, Jirani wa Nduma

Nyuma ya nyumba yetu kuna kibonde chenye majimaji. Mama alipanda nduma, nami nikapanda kala, ua jeupe lenye asili ya Afrika Kusini. Kala hupenda samadi na udongo usiokauka. Fukia kiazi chake kina cha sentimita 10. Mimea ikisongamana, ing'oe uigawe.

Lakini tahadhari! Majani yake yafanana na ya nduma. Mwaka jana mdogo wangu alitumwa nduma, akachimba kala. Alipong'ata kipande, mdomo ulimwasha, akalia hadi jioni. Kumbe ndani mna chembe kali kama sindano! Sasa kala nimeizungushia fito. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.