Waliobeba Nao Wakumbukwe

Mzigo wa mwenzio, wahenga walisema, ni kanda la usufi. Asiyeubeba huuona mwepesi. Tumeikumbuka methali hii mara nyingi tunapotazama jinsi historia ya nchi yetu inavyosimuliwa. Aliyebebwa huandikiwa vitabu na kuwekewa jina lake majengoni. Aliyembeba huingizwa katika neno moja tu, "wapagazi", kisha msimulizi akaendelea na mengine.

Leo tunapenda kuizungumzia safari moja ya miguu, kutoka Tabora hadi pwani ya Bagamoyo, iliyofanywa na watu wa aina hiyo.

David Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ndani ya nchi ambayo leo ni Zambia. Waliokuwa naye wangeweza kumzika palepale na kurudi makwao, wala hapana ambaye angewalaumu. Hapakuwa na mkubwa wa kuwaamuru. Walikaa barazani wakashauriana, wakakata shauri kwamba maiti arudishwe kwa ndugu zake. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa kwamba kumkirimu maiti ni kuharakisha maziko yake. Hivyo twaelewa uzito wa shauri lile, maana miongoni mwao walikuwamo Waislamu na Wakristo, na wengine wa imani za wazee wao. Walikubaliana kwa kuwa waliiona ile kuwa ni amana.

Moyo wa marehemu ulizikwa chini ya mti. Kazi ya kupasua mwili aliifanya Farjallah, aliyewahi kumtumikia daktari mmoja hapa Unguja. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani, ukafungwa katika nguo na gome la mti, ukatundikwa kwenye mti wa kuchukulia begani. Waliouongoza msafara ni Abdullah Susi na James Chuma. Huyu Chuma alikombolewa mwaka 1861, angali mtoto, kutoka mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa. Walikuwamo wanawake pia, na mmoja wao ni Halima, mpishi wa marehemu.

Walifika Tabora mwezi Oktoba 1873. Hapo walimkuta Luteni Cameron wa Uingereza, aliyewashauri wamzike marehemu hapohapo, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa na hatari. Kwa mujibu wa desturi za wakati ule, neno la ofisa wa Kizungu lilikuwa karibu sawa na amri. Wao walikataa. Cameron alivichukua vyombo vya kupimia vya marehemu, lakini maiti hawakumwachia. Tunaliona jambo hili kuwa ndilo kubwa kuliko yote katika safari ile. Watu wanaosemwa kuwa walikuwa watumishi tu walimkatalia mkubwa, kwa adabu, wakashika njia.

Na njia yenyewe tuieleze. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ina kilomita zipatazo 840 kutoka Dar es Salaam hadi mji huo, na masafa ya miguu hayakupungua sana hapo. Msafara wa kutoka Tabora ulikata nyika ya Mgunda Mkali isiyo na maji ya kutegemea, ukaingia Ugogo ambako watemi walitoza hongo, ukavuka milima ya Usagara, ndipo ukateremkia pwani. Mbele kidogo ya Tabora, mahali paitwapo Kasekera, wenyeji walikataa maiti asipite katika nchi yao. Wasafiri wakatumia akili. Walitengeneza maiti wa uongo kwa mabua, wakawatuma wenzao kama wanaorudi Tabora kwenda kuzika, na usiku mabua yakatupwa porini. Mwili wenyewe ukafungwa upya kama mtumba wa nguo za biashara, ukapita.

Waliingia Bagamoyo mwezi Februari 1874. Maiti alilazwa katika misheni ya mapadri, kisha akavushwa kwa manowari hadi Unguja. Tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa London, katika kanisa la Westminster, mbele ya wakubwa wa Uingereza. Katika wabebaji wote, aliyehudhuria ni Jacob Wainwright peke yake. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye, maziko yamekwisha pita. Waliobaki walilipwa ujira wao wakaambiwa waende zao.

Ndugu zetu wa visiwani tusidhani kwamba habari hii ni ya bara. Njia ile ilikuwa na mwisho wake hapa. Pembe za ndovu zilizovuka Mgunda Mkali ziliuzwa hapa, na binadamu waliofungwa minyororo waliuzwa hapa, mpaka Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa mwezi Juni 1873, wakati msafara wa akina Susi ukiwa njiani. Chuma alifia Unguja mwaka 1882, na Susi mwaka 1891. Jumba alilokaa Livingstone mwaka 1866 kabla ya safari yake ya mwisho lingali laitwa kwa jina lake. Mtoto akituuliza walipoishia waliombeba, tutamwonyesha nini?

Swali hili tunalielekeza kwa wenye dhamana. Tangu mwaka 2006 Serikali iliiweka njia ya misafara katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, pamoja na Ujiji, Kwihara, Kilimatinde, Mpwapwa, Mamboya na Bagamoyo. Hiyo ni hatua ya kupongezwa, lakini orodha haimwongozi msafiri. Maoni yetu ni kwamba njia iwekwe alama kabla mashamba na viwanja havijaimeza. Kwamba majina ya wabebaji yaandikwe Bagamoyo na hapa Unguja. Na kwamba vijana wetu, wa visiwani na wa bara, waitembee sehemu yake kila mwaka kwa miguu yao. Taifa hili lajua maana ya kutembea. Mwezi Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere, akiwa Rais, alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, naye alikuwa na gari.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda Dodoma kwa saa chache, nasi twaifurahia. Lakini kijana aliyelala siku tatu njiani, akachubuka bega kwa mzigo wake mwenyewe, hataliona tena neno "wapagazi" kuwa ni neno jepesi.