Laptopu ya dola 250 kwa mtu wa Kibabi

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Huko Masisi habari hiyo ilipita bila kelele, watu wana mengine ya kuwaza. Lakini ndiyo inayoamua utawekewa mashine gani mezani ukishuka Goma na pesa zako. Windows 11, iliyorithi nafasi yake, kwa kawaida haikubali rasmi prosesa ya Intel iliyo chini ya kizazi cha nane. Ofisi za Ulaya na Marekani zilizolazimika kubadilisha kompyuta ziliuza zile za kizazi cha sita na cha saba kwa jumla, na mzigo wa namna hiyo hupitia sana Dubai na Sharjah kabla ya kusambaa Afrika Mashariki. Mashine hizo ni safi kwa sura, bei yake inavutia, na muuzaji hana haja ya kukueleza kwa nini imeshuka.

Ninayemfikiria hapa ni mtu wa Kibabi, Masisi: mwalimu, muuguzi anayejaza ripoti za mwezi za kituo cha afya, mwanafunzi anayeandika TFC yake (kazi ya kumaliza masomo), au kijana anayetaka kufungua meza ya kuchapa na kufotokopi. Ana dola 250, pengine amezikusanya mwaka mzima. Yeye na mkazi wa Goma hawanunui kitu kimoja hata wakichukua mashine mbili zinazofanana. Wa Goma ikimsumbua huirudisha dukani jioni hiyo hiyo. Wa Kibabi anahitaji pikipiki, barabara isiyokatwa na mvua, vizuizi vinavyopitika, na siku mbili tatu za kuacha kazi. Garanti ya wiki mbili huisha kabla hajapata nafasi ya kuteremka hadi Sake. Ndiyo maana swali la “HP, Dell au Lenovo?” mimi huliweka la pili. La kwanza ni hili: siku ikiharibika, kipuri chake kipo wapi, na nani anaweza kukifunga?

Ukilijibu hilo, majina makubwa yanapoteza uzito wake, kwa sababu kila kampuni inatengeneza koo mbili za kompyuta zisizofanana hata kidogo. Kuna zinazotengenezwa kwa ajili ya nyumbani: HP Pavilion, Dell Inspiron, Lenovo IdeaPad. Na kuna zinazotengenezwa kwa ajili ya makampuni yanayonunua elfu kwa mkupuo na kuzitumia miaka mitatu au minne: HP EliteBook na ProBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Hizi za pili zilikuwa ghali zilipokuwa mpya. Bawaba zake ni imara zaidi, mfuniko wa chini unafunguka kwa skurubu za kawaida, na kwa kuwa ziliuzwa kwa wingi, vipuri vyake vimejaa. Fundi wa Birere, Goma, aliyekwisha kufungua Latitude mia haogopi ya mia na moja.

Kwa dola 250 kuna kishawishi kingine: mashine mpya kabisa, ndani ya boksi lake, plastiki bado iko kwenye kioo. Soma maandishi madogo ya boksi hilo. Ukikuta Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64, iache hapo. Windows na masasisho yake peke yake yatakula sehemu kubwa ya hiyo 64, na katika mashine nyingi za aina hiyo RAM na hifadhi zimelehemewa moja kwa moja kwenye bodi, huwezi kuongeza wala kubadilisha. Upya wake utadumu miezi sita. Mtumba wa ofisini wa mwaka 2018 utaishinda kwa kila kitu isipokuwa harufu.

(Kuhusu kulehemu: bati linalolehemu bodi za kompyuta ni madini ya aina ile ile inayotoka Bisie, Walikale, ambako mgodi wa Alphamin ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024. Na tantali ya vikondensa vidogo vilivyotapakaa kwenye bodi hutokana na koltani. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa Rubaya peke yake hutoa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia. Madini yanatoka kwetu kwa magunia, yanaturudia kama mtumba wa Dubai, na punguzo la wenyeji sijawahi kuliona.)

Sasa kizazi. Dukani utaambiwa: “Mkubwa, hii ni i5!” au, akiona una haraka, “Hii ni i7!” Maneno hayo hayana maana bila tarakimu zinazofuata. Kuna i5 ya mwaka 2011 na i5 ya jana. Ingia kwenye mipangilio, ukurasa wa kuhusu mfumo, usome jina kamili la prosesa. i5-7200U ni kizazi cha saba, ina viini viwili. i5-8250U ni kizazi cha nane, ina viini vinne, na Windows 11 inaikubali. Kati ya mashine hizo mbili, ambazo nje zinaweza kufanana kama mapacha, kuna tofauti ya kazi na ya miaka. Kibandiko kilicho karibu na kibodi usikitegemee, vibandiko vinauzwa.

Kwa hiyo majina ninayoyataja ni matatu, yote ya mwaka 2018: Dell Latitude 5490 au 7490, HP EliteBook 840 G5, na Lenovo ThinkPad T480. Zote tatu zina nafasi mbili za RAM na diski ya SSD inayotoka. Tafuta yenye GB 8 tangu dukani, au 16 ukiweza kubembeleza, maana tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote: viwanda vimeelekeza nguvu kwenye kompyuta za akili mnemba, na mpango wa zamani wa “nitaongeza baadaye” umekuwa ghali.

Wazee bado wataniuliza habari za Toshiba. Zilikuwa mashine za heshima. Toshiba ilijiondoa kabisa kwenye biashara ya kompyuta mwaka 2020, na zile za zamani zinazozunguka sokoni ni za kizazi ambacho hata kwa bei ya bure ningekifikiria mara mbili.

Kwa mtu wa Kibabi ningeweka T480 mbele kidogo, na sababu ni umeme. Mashine hiyo ina betri mbili: moja ndani, ya saa-wati 24, na nyingine nyuma inayochomolewa kwa vidole. Hiyo ya nyuma ipo ndogo ya 24 na ipo kubwa ya 72, ile nene inayoinua mashine kwa nyuma. Unaweza kuichomoa na kuweka nyingine huku unaendelea kuandika, kwa sababu ya ndani inashikilia kazi. Penye sola na ukungu, hilo si jambo dogo.

Tupige hesabu. Laptopu ya namna hii, ukiandika na kujaza fomu, hula wati 10 hivi. Saa sita za kazi ni saa-wati 60. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 50 ina saa-wati 600 kwenye karatasi, lakini ikiwa ni ya asidi usiimalize zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Zinabaki 300 za kutegemea, na hizo zinagombaniwa na taa, simu na redio. Watu wengi huunga inveta ili kupata volti 220, kisha wakachomeka chaja ya laptopu. Umeme umepandishwa kutoka 12 hadi 220, kisha chaja ikaushusha tena hadi 20, na kila mara sehemu yake ikapotea kama joto. Mashine zote tatu nilizozitaja zinachajika kupitia tundu la USB-C. Nunua chaja ya gari ya USB-C ya wati 65 (45 pia inatosha), uiunge moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, na inveta ipumzike. Hakikisha imeandikwa PD na kwamba inatoa volti 20. Chaja ya simu ya wati 18 haitafaa kitu.

Kwenye T480 kuna kasoro ya kupima papo hapo. Programu ya ndani ya tundu lake la Thunderbolt, moja ya yale mawili ya USB-C, ilikuwa na hitilafu ambayo polepole iliweza kuharibu kuchaji kwa USB-C. Lenovo ilitoa marekebisho mwaka 2019, lakini si kila ofisi iliyaweka. Chomeka chaja kwenye matundu yote mawili ya USB-C, moja baada ya jingine, uone kila moja linachaji. Likigoma moja, mashine hiyo si yako.

Dell na HP zinazotumia chaja ya pini ya duara zina ugonjwa mwingine. Katikati ya pini hiyo kuna sindano nyembamba inayoiambia mashine chaja ni ya wati ngapi. Chaja bandia, au sindano iliyopinda, na mashine itawaka lakini betri haitajaa, na prosesa itajipunguza mwendo. Mtu analaumu Windows, analaumu virusi, kumbe ni sindano. Ukiona ujumbe kwamba chaja haitambuliki, dai nyingine kabla pesa haijabadilisha mikono.

Betri yenyewe ina kumbukumbu yake. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili itakayotajwa. Linganisha namba mbili: uwezo wa kiwandani na uwezo wa kujaa wa sasa. Ikibaki chini ya theluthi mbili, shusha bei au badilisha betri hapo hapo. Muuzaji anayekataa usiandike amri hiyo amekwisha kukujibu.

Kisha kuna mtego ambao hauonekani hadi ufike nyumbani. Kompyuta za ofisini hufungwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni neno la siri la BIOS, programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows, na katika Latitude na EliteBook za miaka hii kuchomoa betri ndogo ya bodi hakulifuti. Wakati wa kuwasha bonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo, uone kama unaingia na kubadilisha kitu. Ya pili ni usajili wa kampuni ya zamani: siku utakapofuta Windows na kuunga intaneti, itatokea skrini inayokukaribisha kwenye kampuni usiyoijua na kukutaka uingie kwa barua pepe ya kazini. Dawa ni kumwomba muuzaji airejeshe mashine kama mpya mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti. Inachukua saa nzima. Keti, kunywa chai. Baada ya hapo angalia kama Windows imejiamilisha yenyewe. Mashine za aina hii huwa na leseni yake imehifadhiwa kwenye bodi.

Kibodi ipige herufi zote. Mzigo wa Ulaya una mashine za Ujerumani na za Skandinavia zilizobandikwa herufi za AZERTY juu, na baada ya miezi michache ya vidole vibandiko hung’oka. Kama ulisoma kuchapa kwa AZERTY, tafuta iliyotoka Ufaransa au Ubelgiji.

Duka lenyewe nalipima kwa mambo machache. Liwe mahali pamoja kwa muda mrefu, lenye fundi ndani au jirani. Likuandikie risiti yenye namba ya mfululizo ya mashine, ile iliyo chini ya mgongo wake. Kwenye tovuti za Dell, HP na Lenovo namba hiyo huonyesha habari za mashine na garanti yake ya asili, na njiani risiti hiyo inathibitisha kuwa ni mali yako. Na usikubali garanti ihesabiwe kwa siku tu. Mwambie unaishi Kibabi, mkubaliane mwezi mmoja au zaidi, na kwamba mashine ikitumwa na mtu mwingine mwenye risiti itapokelewa. Wapo wanaokubali, hasa ukilipa taslimu bila kuvuta sana bei. Picha za WhatsApp zinazotaka utangulize pesa kwa M-Pesa au Airtel Money siziwekei neno. Kama huwezi kushuka, mtume mwanafunzi wa familia anayesoma Goma, apitie vipimo hivi mmoja mmoja. Kununua Kampala au Kigali kunaweza kuokoa dola kadhaa, ila garanti hubaki ng’ambo ya mpaka, na forodha ina hesabu zake.

Njiani izime kabisa, usiifunge tu ikiwa imelala: kwenye begi la pikipiki itaamka, itapata joto na kumaliza betri. Ifunge kwenye plastiki mbili hata kama jua linawaka Mushaki. Kama bado ina diski ya kuzunguka badala ya SSD, mtikisiko wa barabara ile utaifupishia maisha.

Na mwenye dola 120 je? Hapo ndipo zile za kizazi cha sita na cha saba zinapopata kazi. Latitude au ThinkPad ya mwaka 2016, GB 8, SSD, ukaweka Linux Mint badala ya Windows: ni ya bure, inaendelea kupata masasisho, na virusi vya flashi vinavyoandikwa kwa ajili ya Windows haviisumbui. DHIS2, ambamo vituo vya afya hupeleka takwimu zao, hufunguka kwenye kivinjari, kwa hiyo muuguzi hatakosa kitu. Mwalimu ataandika mitihani kwa LibreOffice. Mwanafunzi wa TFC ajue tu kuwa kurasa zake zinaweza kuhama zikifunguliwa kwenye Word ya profesa. Nakala ya mwisho aitume kwa PDF.